Upepo wa Tunduma na Ngozi ya Kope

Msafiri atokaye Mbeya kwa barabara kuu iendayo Zambia, akishapita Mlowo na Vwawa, huukuta mji wa Tunduma umejitandaza kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ng'ambo ya mpaka iko Nakonde. Reli ya TAZARA inapita hapo, na malori yanayobeba shaba, mbolea, mafuta na saruji hupanga foleni yakingoja kuvuka. Mvua zikishakatika mwezi Mei, baridi huingia, kisha kuanzia Agosti upepo mkavu huvuma mpaka mvua za Novemba zirudi. Vumbi huinuka barabarani, hukaa juu ya mabati, juu ya magunia ya mchele, na juu ya nyuso za watu.

Ilikuwa katika msimu huo, wakati wa huduma za mkoba mkoani Songwe, nilipomwona mama mmoja mfanyabiashara wa mchele. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Alinisalimu, akaketi, akafungua mkoba wake na kuweka mezani tyubu tatu za krimu zilizokwisha kukunjwa mpaka shingoni.

"Daktari," alisema, "mimi shida yangu ni ndogo, naona hata aibu kukupotezea muda. Ngozi ya hapa machoni inakauka na kuwasha. Nikipaka hii inapona. Nikiacha siku mbili inarudi. Nataka unipe iliyo kali zaidi, niachane nayo kabisa."

Nilimwuliza ameitumia kwa muda gani. Alifikiri kidogo, akahesabu kwa vidole, akajibu: "Miaka mitatu sasa, ukijumlisha na ile ya kwanza niliyopewa na jirani."

Ukavu wa ngozi kuzunguka macho ni jambo ambalo wengi huliona dogo kiasi cha kutostahili kupelekwa hospitalini. Kwa sehemu kubwa wanaona sawa: wagonjwa walio wengi hupona kwa maji safi, mafuta sahihi na subira. Lakini mahali hapa padogo pana hila yake. Kosa ambalo mkononi au mguuni lingesamehewa, kwenye kope laweza kugharimu jicho lenyewe. Makala hii inaeleza kwa nini, na nini cha kufanya.

Ngozi nyembamba kuliko zote

Ngozi ya kope, yaani vile vifuniko viwili vya jicho, ndiyo nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili wa binadamu. Unene wake haufiki milimita moja, na chini yake hakuna mto wa mafuta kama ule ulio chini ya ngozi ya shavu. Umbile hili ni la lazima, kwa maana kifuniko hiki hufunga na kufunguka mara kumi na zaidi kila dakika tukiwa macho. Kingekuwa kinene kama kisigino, tusingeweza kupepesa.

Tabaka la nje kabisa la ngozi laweza kulinganishwa na ukuta wa matofali. Seli zilizokufa na kulaliana ndizo matofali, na kati yake umo udongo wa kuunganishia uliofanyizwa kwa mafuta ya asili ya mwili. Ukuta huu una kazi mbili: kuzuia maji ya mwili yasitoke, na kuzuia vitu vya nje visiingie. Udongo ule ukiyeyushwa na sabuni au kukaushwa na upepo, nyufa hutokea. Maji hutoka, ngozi hukakamaa na kubanduka magamba, na vumbi, manukato na kemikali hupata njia ya kuingia. Hapo ndipo mwasho huanza, na mwasho huzaa kujikuna, na kujikuna huupanua ufa uliokuwa mdogo.

Kwenye kope ukuta huu ni mwembamba, na tezi za mafuta za ngozi yake ni chache na ndogo. Kwa hiyo kope hukauka mapema kuliko paji la uso. Na kwa sababu hiyo hiyo, chochote kipakwacho juu yake hupenya kwa wingi zaidi kuliko kikipakwa mkononi. Msomaji aliweke moyoni jambo hili la pili, kwa kuwa ndilo shina la yote tutakayosema kuhusu zile tyubu tatu.

Kwa nini huko Songwe

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, una hali za hewa zaidi ya moja. Upande wa Momba na bonde la Ziwa Rukwa kuna joto. Mbozi, Ileje na Tunduma kuna baridi ya milimani. Hewa ya baridi haiwezi kubeba unyevu mwingi, na upepo unapoongezeka hunyonya maji kutoka kwenye ngozi kama unavyokausha nguo kwenye kamba. Tena, kadiri mtu anavyokaa juu zaidi ya usawa wa bahari, ndivyo miale ya jua inayounguza ngozi inavyomfikia kwa ukali zaidi, hata siku ambayo hasikii joto.

Kazi za watu nazo huongeza. Dereva wa lori huketi siku nyingi akielekezewa usoni hewa ya kiyoyozi, au dirisha likiwa wazi na vumbi likimwingia. Kijana wa bodaboda hupasua upepo bila miwani. Mpakuzi wa saruji hupangusa jasho kwa kiganja chenye unga wa saruji. Na saruji, mbali na kuunguza, ina madini ya kromi ambayo kwa baadhi ya watu huamsha mzio mkali. Mama lishe huinamia moshi wa kuni tangu alfajiri. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hukutana na vumbi la maganda wakati wa kukoboa. Hawa wote wana tabia moja inayofanana: jicho likiwasha, hulifikicha kwa mkono ulioshika kila kitu tangu asubuhi.

Baridi ina jambo lake jingine. Inapozidi, watu huoga na kunawa kwa maji ya moto sana, na wengi hunawa uso kwa sabuni ile ile ya mche inayofulia nguo. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kiasi cha 5 kwenye kipimo cha pH, ilhali sabuni ya mche hufika 9 au 10. Maji ya moto pamoja na sabuni hiyo huondoa yale mafuta ya asili kwa dakika chache, na mwili huhitaji saa nyingi kuyarudisha. Kabla hayajarudi, mtu amekwisha kunawa tena.

Si kila ukavu una mzazi mmoja

Mgonjwa husema "ngozi kavu," lakini tabibu hana budi kuuliza imekauka kwa nini.

Wapo wenye kile ambacho watu wetu hukiita pumu ya ngozi. Mara nyingi huanza utotoni, katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na nyumbani huwapo mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Kope zao huwa na rangi nyeusi zaidi kuliko uso, na mikunjo chini ya jicho huongezeka kwa kujikuna kwa miaka. Mtoto wa namna hii aweza pia kuwa na mzio wa jicho lenyewe: jicho jekundu, machozi, ute unaovutika. Mtoto huyu azuiwe kufikicha macho, kwa maana kufikicha kwa miaka mingi huweza kulegeza kioo cha jicho na kukipindisha.

Wapo ambao ukavu wao ni mzio wa kitu walichokigusa, na mara nyingi si kitu walichokipaka machoni. Rangi ya kucha ni mfano mzuri. Vidole vyenyewe havioneshi dalili yoyote, kwa sababu kucha ni ngumu. Bali kidole hugusa kope mara nyingi kwa siku bila mtu kujua, na kope ndiyo inayolalamika. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya kutia nywele weusi, piko, gundi ya kope bandia, manukato ya losheni, dawa ya kulainisha nywele inayotiririka wakati wa kuosha, na nikeli iliyo katika fremu za miwani ya bei rahisi. Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za kucha na nywele ilhali umekuja kwa ajili ya macho, usidhani amepotea njia.

Wapo wenye mba. Magamba yao huwa na mafuta kidogo, hukaa kwenye nyusi, pembeni mwa pua na kwenye mizizi ya nywele za kope, na kichwani pia hupatikana. Hawa hawaponi kwa mafuta peke yake. Huhitaji usafi wa kingo za kope na dawa ya kupunguza kuvu.

Yapo pia maradhi yanayojificha nyuma ya neno hilo hilo. Baka kavu lisilohisi mguso, pamoja na nyusi kupukutika, lazima litukumbushe ukoma, ugonjwa unaotibika na ambao dawa zake hutolewa bila malipo. Ukavu wa mwili mzima unaoambatana na kupungua uzito unatutaka tupime sukari, Virusi vya Ukimwi na tezi ya shingo. Na tusichanganye ukavu wa ngozi ya kope na ukavu wa jicho lenyewe. Mtoto asiyeona vizuri magharibi inapoingia, au ambaye weupe wa jicho lake umekauka na kupoteza mng'aro, huenda amepungukiwa na vitamini A. Huyo hahitaji mafuta ya kupaka. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tyubu inayoponya kwa siku tatu

Turudi kwa mama wa mchele. Nilipozinyoosha zile tyubu nikasoma maandishi madogo, mbili zilikuwa na klobetasoli na moja betamethazoni iliyochanganywa na dawa ya kuvu na ya bakteria. Dawa hizi ni za jamii ya steroidi. Tangu haidrokotisoni ilipoanza kutumika kwenye ngozi mwaka 1952, zimewaokoa wagonjwa wengi, na mimi nisingeweza kufanya kazi yangu bila hizo. Lakini hazilingani nguvu. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu. Klobetasoli imo katika daraja la juu kabisa, na imekusudiwa viganja, nyayo na mabaka manene, kwa muda mfupi.

Steroidi hupoza uvimbe na mwasho haraka mno, lakini haiujengi ukuta tuliouzungumzia. Kinyume chake, ikitumiwa kwa muda mrefu huufanya ngozi izidi kuwa nyembamba. Mishipa midogo ya damu huonekana kwa juu, ngozi huwa nyekundu na laini, nayo huzoea dawa kiasi kwamba ikinyimwa huwaka kuliko mwanzo. Mgonjwa huona: "Nikiacha, ugonjwa unarudi." Kumbe kinachorudi sasa si ugonjwa ule wa kwanza. Ni madai ya ngozi iliyozoeshwa. Ndipo huomba iliyo kali zaidi.

Hatari iliyo kubwa kuliko hiyo haionekani kwenye kioo. Dawa inayopakwa kwenye kope hupenya, na nyingine huvuka ukingo na kuingia ndani ya jicho. Steroidi inaweza kupandisha presha ya jicho. Kwa kawaida presha hiyo huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1960 kwa kutumia matone ya steroidi ulionesha kwamba, baada ya majuma machache, presha hupanda kwa kiasi katika takriban theluthi moja ya watu, na katika watu wapatao 5 kati ya 100 hupanda mno. Matone huingia jichoni moja kwa moja, hivyo krimu haifanyi hayo kwa kasi ile ile. Lakini miaka mitatu ni muda mrefu, na hakuna njia ya kumjua kwa kumtazama usoni yule ambaye jicho lake ni jepesi kuitikia.

Presha ikikaa juu, mshipa wa fahamu wa jicho huanza kufa nyuzi kwa nyuzi. Huu ndio ugonjwa uitwao glakoma. Hauumi. Huanza kula uoni wa pembeni, na mtu hugundua pale anapogonga mlango kwa bega au anaposhindwa kuliona gari linalotokea upande. Kilichopotea hakirudi. Hata bila krimu yoyote, glakoma si mgeni kwetu: uchunguzi uliofanyika vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta nayo takriban watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Steroidi pia huharakisha mtoto wa jicho.

Nilimpeleka mama yule kwa mwenzangu wa macho. Presha ilikuwa juu macho yote mawili, na jicho la kushoto lilikwisha kupoteza sehemu ya uoni wa upande. Alipoelezwa alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo ile ngozi ilikuwa inapona, na jicho linakufa?"

Ndivyo ilivyokuwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba namlaumu jirani aliyempa, wala muuza duka la dawa, ambaye kwa wananchi wengi ndiye mganga wa kwanza na wa karibu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya wilaya, niliandika krimu ya namna hii kwa wagonjwa wengi waliokuja na uso unaowasha, nikasema "paka asubuhi na jioni," nikaita anayefuata. Sikusema isipakwe karibu na macho. Sikusema siku ngapi. Baadhi yao huenda bado wanainunua kwa kuonesha ganda la tyubu yangu ya kwanza.

Mkorogo na wanja

Kuna tyubu nyingine ambazo mgonjwa hazitaji mpaka aulizwe kwa upole, bila kudharauliwa: zile za kung'arisha uso. Mkorogo, kama jina linavyosema, ni mchanganyiko, na mchanganyaji mwenyewe mara nyingi hajui kilichomo. Katika bidhaa za namna hii hupatikana steroidi kali, haidrokwinoni na zebaki. Mtu huanza kwa kutaka kuondoa weusi ulio chini ya macho, na weusi huo mara nyingi umeletwa na kujikuna au ni wa kuzaliwa nao. Hupata weupe wa miezi michache, kisha ngozi huwa nyembamba, nyekundu, na baadaye huingia weusi wa samawati usiotoka kirahisi.

Zebaki haibaki usoni. Huingia mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka ukomo wa zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa. Lakini mkataba hausimami dukani. Mnunuzi asome lebo: kopo lisilotaja viambato vyake, au linaloonya lisigusane na dhahabu na fedha, liachwe rafuni.

Wanja nao usisahauliwe. Baadhi ya wanja wa unga huwa na madini ya risasi, na desturi ya kuwapaka watoto wachanga machoni huwaingizia sumu hiyo katika umri ambao ubongo unajengwa.

Yafanyikayo nyumbani

Habari njema ni kwamba tiba ya ukavu wa kawaida ni nafuu na imo ndani ya uwezo wa kila nyumba.

Kwanza, ondoa kinachoudhi. Kwa majuma mawili hadi manne acha vipodozi vyote vya macho, rangi ya kucha, manukato ya usoni na kope bandia. Ikiwa ngozi itatulia, rudisha kimoja kimoja, kwa nafasi ya juma moja, ili mkosaji ajioneshe mwenyewe.

Pili, nawa uso kwa maji safi ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni, ikiwa lazima, iwe laini isiyo na manukato, na isifike kwenye kope. Sabuni ya mche, sabuni ya unga na zile zinazoitwa sabuni za dawa zibaki kwa kazi nyingine. Kausha kwa kugusisha kitambaa laini na kisafi, usisugue. Kila mtu nyumbani awe na kitambaa chake, kwa kuwa kitambaa cha kushirikiana ni mojawapo ya njia za kusambaza vikope.

Tatu, ngozi ingali na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi, paka mafuta ya mgando meupe yasiyo na manukato. Haya hayailishi ngozi kama wengi wanavyodhani. Hufunika nyufa na kuzuia maji yasitoke, mpaka ukuta ujijenge wenyewe. Chukua kiasi kisichozidi punje ya mchele kwa kila jicho, kwa kidole safi kisicho na kucha ndefu, na ugusishe taratibu kwenye mfupa unaozunguka jicho na juu ya kope iliyofumbwa. Usiyapeleke mpaka kwenye mzizi wa nywele za kope, yasije yakaingia jichoni na kukufanya uone ukungu. Asubuhi na kabla ya kulala yatosha, na siku za upepo ongeza mchana. Kopo lifunikwe, lisichovywe kwa vidole vyenye vumbi.

Wengine huniuliza habari za mafuta ya kupikia. Mafuta safi ya nazi au ya alizeti yanafaa kwa ngozi kavu ya uso, ingawa karibu na jicho hutiririka kirahisi kuliko ya mgando. Mafuta ya zeituni, licha ya sifa zake mezani, hudhoofisha ukuta wa ngozi. Na juisi ya ndimu, majivu, mate, mkojo, maziwa ya mama, maji ya majani yaliyosagwa, vyote hivi visikaribie jicho. Vidonda vya kioo cha jicho vinavyotokana na dawa za namna hiyo vimepofusha watu wengi katika nchi zetu.

Nne, jikinge. Kofia yenye ukingo mpana, miwani kwa mwendesha bodaboda, kitambaa safi usoni kwa mpakuzi, na kuelekeza kiyoyozi cha lori kwenye miguu badala ya macho, ni mambo madogo yenye faida kubwa. Watu wenye ualbino, ambao jua la nyanda za juu huwatesa kuliko wengine, watumie pia mafuta ya kukinga jua. Yapo yatengenezwayo hapa nchini, mjini Moshi.

Tano, mwasho ukizidi, usijikune. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya baridi, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano, kisha paka mafuta. Mkono hutii ukipewa kazi nyingine.

Ikiwa baada ya majuma mawili ya uangalifu huu hakuna nafuu, nenda kituo cha afya. Huenda ukaandikiwa haidrokotisoni dhaifu kwa siku chache, na hilo si kosa. Uliza maswali matatu kabla ya kuondoka: dawa hii inaitwaje, nipake wapi, na niache lini. Dawa isiyo na siku ya kuachwa isikaribie macho yako. Aliyekwisha kutumia steroidi kali kwa miezi asiache ghafla bila ushauri, na apimwe presha ya macho hata kama anaona vizuri.

Usingoje

Zipo dalili ambazo hazingojei majuma mawili. Malengelenge yanayouma upande mmoja wa paji la uso, hasa yakifika ncha ya pua, huenda ni mkanda wa jeshi unaoelekea kwenye jicho. Kope iliyovimba, yenye joto na maumivu, pamoja na homa, hasa kwa mtoto, ni dharura. Vivyo hivyo jicho jekundu linaloogopa mwanga, uoni uliopungua ghafla, saruji au kemikali iliyoingia jichoni, na kidonda cha kope kisichopona kwa mwezi. Kwa saruji, osha jicho kwa maji safi mengi mfululizo kwa nusu saa kabla hata ya kutafuta usafiri. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iko Vwawa, na zaidi ya hapo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.

Mama wa mchele alipitia majuma sita magumu. Tulipompunguzia krimu, kope zilivimba na kuwaka, na mara mbili alinipigia simu akitaka kurudia ile ya zamani. Alivumilia. Kisha ngozi ilianza kutulia kwa mafuta ya mgando na maji ya uvuguvugu, vitu ambavyo gharama yake ya mwezi mzima haikufika bei ya tyubu zile tatu. Anatumia matone ya kushusha presha kila jioni, na atayatumia muda mrefu. Sehemu ya uoni iliyopotea jicho la kushoto haikurudi, nami sikumwahidi kwamba ingerudi.

Safari ya mwisho alikuja na bintiye wa miaka kumi na minne, ambaye miezi kadhaa alikuwa akichovya katika tyubu ya mama yake. Tulimpima. Presha ya macho yake ilikuwa ya kawaida. Mama alishusha pumzi, akamwambia mwanawe amsikilize daktari, nami nikaanza kumweleza binti jinsi ya kunawa uso.